Uzoefu wangu: miezi minane ya kushona kwilti "meno chini" kwa cherehani ya nyumbani

Niseme mapema mi sio fundi. Nafanya kazi ofisini, cherehani naikalia usiku watoto wakishalala na Jumapili mchana, kwa hiyo msinisome kama mtu wa Kariakoo anayekula kwa sindano, nisomeni kama mtu aliyekuwa na viroba vitatu vya vipande vya vitenge uvunguni mwa kitanda na mume anayeuliza kila mwezi hizi takataka zinaondoka lini. Nikaona video za wamama wa Kimarekani wanashona kwilti, zile blanketi za viraka za matabaka matatu, juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kujaza, chini kitambaa kizima, afu unapita na uzi kwenye matabaka yote kwa mizunguko na maua na mawimbi mpaka blanketi zima linavimba vimba kama godoro dogo. Nikasema hii hii, viroba vimepata kazi.

Hiyo mizunguko ndo wanaita frimosheni. Kawaida yale meno madogo chini ya sindano ndo yanavuta kitambaa kwenda nyuma, mstari unanyooka wenyewe wala huna habari. Kwenye frimosheni unayashusha meno, kitambaa hakivutwi na kitu, we mwenyewe unakisukuma kwa mikono mbele nyuma kushoto kulia, yaani sindano ni kalamu iliyosimama sehemu moja na karatasi ndo inatembea. Ndo maana nyumbani kwangu tunaita kushona meno chini, na mwanangu wa darasa la pili akiona nimetoa pua nje kwa hasira anauliza mama leo meno yako chini au juu.

Cherehani kwanza. Ya kwanza nililetewa na dada kutoka Marekani, nzuri, nyeupe, ina mishono kibao, na mimi kwa furaha nikachomeka ukutani bila kusoma kile kibandiko cha nyuma. Volti 110. Huku kwetu ni 230. Ilizunguka kwa sekunde chache kwa spidi ambayo sijaiona tena, ikatoa harufu, ikanyamaza. Sina wa kumlaumu, ila we ukiletewa cherehani ya Marekani soma kibandiko kwanza kabla hujaita majirani waje kuona. Ya pili nilinunua hapa hapa Dar, ya umeme, bodi la plastiki, ya nyumbani kabisa, na kampuni sitaitaja maana hizi za bei hii zote ni ndugu wa tumbo moja. Ina kiswichi nyuma kwenye mkono wa chini, ukikisogeza meno yanashuka. Ukinunua angalia hicho kiswichi kabla ya kitu chochote. Zingine hazina, zinakuja na kibati cha plastiki cha kufunikia meno, na hata kibati kikipotea unaweza kuweka urefu wa mshono kwenye sifuri ukaacha meno yatafune hewa pale pale, inawezekana, nimejaribu, inakwaruza kidogo tu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nimetandika matabaka matatu, nimeshusha meno, nimekanyaga pedeli, mlio ukabadilika, cherehani ikagoma, nageuza chini nakuta kiota cha mnana. Uzi umejiviringa bonge zima. Nikakata, nikarudia, kiota kingine. Nilikaa na hiyo shida jioni tatu, nimefungua bobini (kale kagurudumu ka uzi wa chini) nimefunga, nimepaka mafuta, nimebadili sindano, nimelia kidogo (kidogo tu). Sababu ilikuwa ya kijinga mno, sikuwa nimeshusha ile lever ya mguu nyuma ya sindano, mguu wa cherehani namaanisha, kile kibati kinachoshika kitambaa chini ya sindano. Kwa kuwa mguu wa frimosheni unaelea haukigusi kitambaa, jicho linakudanganya kwamba umeshashusha kumbe bado, na lever ikiwa juu vile visahani vinavyokaza uzi vinakuwa wazi, uzi wa juu unamwagika tu kama maji ya bomba lililopasuka. Toka siku hiyo nina msemo wangu, ukiona uchafu chini kosa liko juu. Mara tisa kati ya kumi ni hivyo.

Mguu wenyewe sasa. Ule wa kawaida hauwezi hii kazi kwa sababu unakandamiza, kitambaa hakigeuki. Unahitaji ule unaoruka, una springi na kamkono kadogo kanakaa juu ya skrubu ya sindano, sindano ikipanda kamkono kananyanyua mguu, ikishuka mguu unashuka kushika kitambaa kwa nukta moja mshono ukamilike. Nilinunua duka moja mjini, sh. 25,000, muuzaji ananiambia dada huu unaingia mashine zote. Nenda nyumbani, haukuingia. Kumbe kuna cherehani zenye shina fupi na zenye shina refu, yaani kile kinguzo unachofungia mguu, zangu na nyingi za nyumbani ni fupi, ule ulikuwa wa shina refu. Kurudisha wakakataa, eti pakiti imefunguliwa, sasa ningejuaje bila kufungua? Wa pili nilienda na cherehani yenyewe kwenye bajaji, nikafunga pale pale kaunta, sh. 12,000. Ule wa bei nafuu ndo ninaotumia mpaka leo. Una kaduara ka plastiki kamefungwa mbele kanaziba macho, nikakata kwa wembe sehemu ya mbele ikabaki kama kiatu cha farasi, sasa naona sindano inapoingia. Kama mnapata wenye mdomo wazi nunueni huo mkaepuka wembe.

Sasa kuna siku nimempelekea nguo ya sare fundi mmoja Magomeni, mzee, anadarizi. Mnawajua wale, vitambaa vya makochi vyenye maua na "Karibu Wageni", mashuka ya bibi harusi, shingo za kanzu. Ana Singer ya miguu nyeusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu, nikamkuta katikati ya kazi, nikasimama mdomo wazi. Cherehani haina mguu kabisa! Ameufungua ameuweka kwenye kopo, meno ameyafunika, kitambaa kimekazwa kwenye fremu ya duara, mikono miwili kwenye fremu inacheza kama anakosha sahani, na ua linatokea pale. Nikamwambia shikamoo fundi, hiki unachofanya mbona ndo hiki hiki mi nahangaika nacho miezi miwili. Akacheka. Akasema marahaba mwanangu, hii nimefundishwa na kaka yangu tukiwa Tanga, wewe umefundishwa na nani? Nikamwambia simu. Akacheka zaidi.

Aliniweka kwenye kiti chake. Nikasukuma mara tatu, sindano ikakatika, kipande kikaruka. Hapo niwaambie vaeni miwani, hata ya jua, mi sikuwa nayo na kipande kilipita karibu. Ukivuta kitambaa wakati sindano iko chini inapinda, inagonga bati la chini yake, kwisha. Mzee akaniangalia akasema, "Mkono wako una haraka, mguu wako una woga." Hiyo sentensi ni bora kuliko video zote nilizomaliza bando kuziangalia. Maana mtu anayeanza anaogopa mota, anakanyaga pedeli kidogo kidogo, sindano inakwenda taratibu, huku mikono ina wasiwasi inakimbia, matokeo mishono mirefu kama ya kushonea gunia. Inatakiwa kinyume, mguu ukanyage kwa uhakika na usibadilike, mikono iende taratibu. Cherehani yangu ina kitelezi cha kupunguza spidi, nakiweka kati na kati afu nakanyaga pedeli mpaka mwisho, kwa hiyo mguu hauna cha kuamua, naamua na mikono tu. Natafuta mishono minne hivi kwa sentimita, ikipata mitano sawa, ikipata miwili najua nimepandwa na haraka.

Na akanipa zoezi. Andika jina lako, kwa mwandiko wa kuunganisha, bila kunyanyua. Mkono wako tayari unajua kuandika jina lako, akasema, usiufundishe mambo mawili kwa mpigo. Nikaenda nyumbani nikaandika jina langu, la mume, la watoto, la jirani, nikaandika "nipe mia" na "umeme umekatika" (ulikuwa umekatika kweli, nikamalizia asubuhi). Kama mwezi mzima naandika tu kwenye vipande vya sentimita 35 kwa 35, usiku dakika 20. Ndo nikaja kwenye ule mchoro wa mwanzo ambao kila mtu anaanza nao, mstari unazurura kama mto unaopinda pinda na haukatizi njia yake mwenyewe. Unaonekana rahisi. Jaribuni kwanza kwa kalamu kwenye karatasi mtaona mnavyojifungia kwenye kona bila mlango. Mi nachora kwenye mabahasha kwenye vikao ofisini na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Muziki nao una maneno yake. Nikiweka singeli mikono inakimbia yenyewe siwezi kuizuia, nikatoa. Taarab ya zamani ile ya kuvuta ndo imenikaa, au kimya kabisa nasikiliza mota. Mota ikiimba sauti moja mshono unakuwa sawa, hiyo ni kweli kabisa, masikio yanajua kabla ya macho.

Uzi, uzi, uzi. Nilianza na ule wa bei ya chini kabisa wa kidonge kikubwa, unatoa mavumbi, unakatika kila baada ya dakika mbili, chini ya bati nikakuta pamba ya kujaza mto. Nikahamia polyesta nzuri kidogo, na sindano namba 90/14 badala ya iliyokuja na mashine, kelele za kukatika zikaisha karibu zote. Sindano nabadilisha nikimaliza kazi moja kubwa, najua tunazoeana nazo mpaka zikatike lakini kwenye matabaka matatu butu inasikika, inapiga tok tok tok kama mtu anagonga mlango. Kuna kitu kingine kinaitwa kope, ukigeuza nyuma unakuta kwenye kona za mviringo uzi wa juu umevutwa chini umesimama mistari mistari kama kope za macho. Mi nilikaza uzi mpaka ukakatika nikidhani ni hiyo, kumbe ni ile haraka ya mkono, kwenye kona kila mtu anaongeza spidi bila kujua. Punguza kwenye kona. Na kila unapoanza zungusha gurudumu kwa mkono, vuta uzi wa bobini utoke juu, shika nyuzi zote mbili kwa mishono mitatu minne ya mwanzo, ukidharau hiyo kiota kinarudi.

Cha kujaza katikati ndo kilinisumbua kuliko vyote na video hazisaidii maana wenzetu wanaenda dukani wananunua pamba maalum iliyokatwa saizi ya kitanda. Huku mi nilianza na ile faiba nyeupe nyepesi ya kwenye makoti na mito, inauzwa kwa mita, nafuu, inavimba vizuri mno ukiiona. Baada ya kufua mara mbili nyuzi nyeupe zikaanza kutokeza kwenye matundu ya sindano, kitenge cheusi kikawa kama kimeota mvi. Nikaja kwenye blanketi jepesi la manyoya ya Kichina, hilo halitokezi, lakini linavutika, ukisukuma linaenda na wewe afu linarudi, na Dar hii na joto hili nani atajifunika? Mwisho nikapata mtumbani blanketi la pamba la zamani, jembamba, la kama la hospitali, sh. 8,000, nikalifua kwa maji ya moto likanywea linavyotaka kunywea, na hilo ndo ndoa yangu. Pamba inashikana na kitambaa haitelezi. Sasa nikienda mtumbani natafuta mablanketi ya pamba, wauzaji wamenizoea wananiita mama hospitali.

Vitenge navyo vifueni kabla, vile vipya vina ule ugumu, sindano inalalamika, na vinanywea tofauti tofauti. Na kanga nyekundu ikae mbali mpaka maji yawe meupe, mi nilifua kila kipande peke yake baada ya kwilti ya kwanza kugeuka pinki yote. Kuchorea natumia kipande cha sabuni kilichobaki chembamba, kama mafundi wote, kinaandika vizuri kwenye rangi za giza na kinatoka kwenye maji. Kushikiza matabaka pini za nepi, kila upana wa kiganja, unaanzia katikati unaenda nje. Kushona pia unaanzia katikati unaenda nje. Nilianzia pembeni mara moja nikiwa mjuaji, katikati pakabaki pochi la kitambaa ambalo haliwezi kwenda popote. Halafu ukijaza mishono mingi sehemu moja na nyingine ukaacha wazi, kwilti inakunjamana kama chapati iliyosahaulika kwenye moto.

Sasa uzito, hapa ndo nitakuwa mkweli kuhusu cherehani za nyumbani. Nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine yangu nimepima ni sentimita 16. Shuka la kitanda cha 5 kwa 6 linabidi liviringishwe lipite hapo, na linalobaki linaning'inia mezani linavuta kama mtoto anayekataa kwenda shule. Mabega yaliuma siku nne. Yule mzee wa darizi hana hii shida kwa sababu ana kitambaa kimoja na fremu, kwa hiyo hapa hakuweza kunisaidia, alisema tu pole mwanangu hilo ni godoro sio kitambaa. Vilivyonisaidia ni viwili. Cha kwanza meza, fundi seremala wa mtaani alinikatia tundu kwenye meza ya zamani cherehani ikazama, uso wake ukawa sawa na mbao, sh. 40,000 na hiyo ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote humu. Cha pili niliacha ubishi, sishoni shuka zima tena, nashona vipande vya sentimita 50 kimoja kimoja mpaka kiishe, matabaka yote, afu naviunga na kufunika maungio kwa utepe wa kitenge nyuma. Kipande kidogo kinageuka kirahisi hata ukiwa umechoka.

Glavu maalum wanazouza mtandaoni sijanunua. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uchukue zile za kitambaa zenye mpira kwenye viganja, sh. 2,000, ukubwa mdogo. Mikono inashika kitambaa bila kukandamiza, kabla ya hapo nilikuwa natema mate kwenye vidole kama mhesabu noti.

Shangazi yangu, ambaye anadarizi kwa mkono na anajua kazi, alikuja akageuza geuza akasema hii nzuri ila sio kazi ya mkono. Nikamwambia shangazi hata huko kwenyewe Marekani waligombana hivyo hivyo, mpaka 1989 ndo kwilti iliyopitishwa uzi kwa cherehani ikachukua tuzo ya juu kwenye maonyesho makubwa ya kwilti ya Paducah, Kentucky, mwenyewe Caryl Bryer Fallert, na kuna watu walinuna. Shangazi akasema basi na mimi nanuna. Lakini aliondoka na mto mmoja.

Kwa hiyo niwape mwisho wa hesabu. Cherehani ya plastiki ya nyumbani inaweza, nyota nne, nyota moja nimetoa kwa zile sentimita 16 na taa yake hafifu, nimeegesha ya kusomea pembeni. Mguu wa kuruka wa sh. 12,000 nyota tano, wa sh. 25,000 upo kwenye droo kama kuna mwenye mashine ya shina refu anitafute nimpe. Video za bure tatu, zinakuonyesha mikono tu hazikuonyeshi mguu, na shida yote iko mguuni. Mzee wa Magomeni simpi nyota maana atanicheka, nilimpelekea sukari kilo mbili. Ukitaka kuanza wiki hii, na una cherehani yoyote ndani, hata ya miguu, usinunue kitu zaidi ya mguu na sindano mpya, chukua shuka kuukuu na blanketi kuukuu, andika jina lako.

Kwilti ya kwanza kabisa, ile ya pinki, ipo. Nyuma ina viota viwili ambavyo nilishindwa kuvikata bila kutoboa, na kona moja imeandikwa "nipe mia" kwa uzi wa njano. Mdogo hataki kulala bila hiyo, nikimletea mpya anasema hiyo haina maneno.